Gari Lisilokunywa Maji

Kijana wa petroli pale Kondele aliniuliza,
"Nikuangalizie maji?"
Nikamwambia fungua boneti.
Akakuta gurudumu la akiba, jeki
na nusu mkungu wa ndizi.
Alizitazama ndizi, akanitazama mimi,
akafunga polepole
kama mtu aliyesukuma mlango wa choo akamkuta mwenyewe ndani.

Injini iko nyuma, ndugu yangu,
na maji haijawahi kuyaonja.
Hunywa upepo, baba alikuwa akisema,
hula oili, ikikasirika hununa.

Baba, Ambundo, mpandishaji ng'ombe wa Vihiga nzima:
kiti cha nyuma mtungi wa baridi kali,
mbegu za mafahali wa ng'ambo,
na nyuma ya mtungi injini inachemka.

Mlima wa kutoka Kiboswa kwenda Majengo
haukupandwa kwa mkupuo mmoja.
Palikuwa na jiwe, mkono wa kushoto,
lenye umbo la ng'ombe aliyelala.
Hapo baba aliinua kifuniko,
akakiegemeza kwa kijiti cha mpera,
tukangoja. Nusu saa. Siku za jua, zaidi.
Hapo ndipo aliponifunza kuhesabu mimba ya ng'ombe.
Hapo ndipo aliponiambia
kwamba mtoto wa kabla yangu hakuishi.
Alisema huku akipuliza vumbi kwenye pointi,
macho hakuyainua.
Kisha: "Sasa imepoa. Twende."

Nilipolirithi lilikuwa na panya wawili
na breki za maombi.
Shivachi, fundi wa nyuma ya soko la Kibuye,
siku tatu alilizunguka tu.
Ya nne akaanza kung'oa.
Volti sita zikawa kumi na mbili,
dainamo ikaipisha alteneta,
karbureta iliyokuwa ikilia petroli
ikaondoka, zikaja sindano nne
na ubongo mdogo usiozidi kiganja.
Pointi zikatupwa. Hapana, nilizichukua,
zimo koponi pamoja na vifungo.
Breki za diski. Kipoza-oili chenye feni yake.
Taa zilizokuwa na rangi ya chai iliyolala
sasa zinamfumbisha popo macho.
Na bomba jipya la moshi, limenyamaza kama shemasi.

Nikaupanda mlima kwa gia ya tatu.
Jiwe likanipita.
Nilikuwa Majengo tayari
mkono ukikitafuta kijiti.

Mbale, mama alikuwa akichambua mrenda.
Miaka arobaini masikio yake yalilidaka gari
kwenye kona ya kanisa la Friends:
mluzi wa yale mabomba mawili, mwembamba,
kama mtu anayepuliza uji.
Sufuria ilitangulia motoni, gari likafuata.
Siku ile hakusikia kitu, hata nilipopiga hodi.
"Umekuja na gari la nani?"
"La baba."
Akatoka, akaweka kiganja juu ya kifuniko cha injini.
"Halina joto," akasema,
kama anayemgusa mgonjwa aliyepona,
au yule mwingine.

Jumatatu nikarudi Kibuye.
"Breki niachie. Taa niachie.
Na ubongo, sina ugomvi nao.
Nirudishie yale mabomba mawili."
"Yametoboka."
"Ziba unapoweza."
Alinitazama kama zile ndizi.

Jumamosi nilisimama kwenye jiwe.
Sababu haikuwepo, injini ilipumua sawasawa.
Nikainua kifuniko, nikakaa majanini,
nikangoja kipoe kitu ambacho hakikuwa na moto.
Lori la miwa likapita, utingo akapaza sauti: "Limekufa?"
Nikampungia mkono.

Kwenye kona ya kanisa nikalegeza mguu,
mluzi ukatoka, na kikohozi kidogo cha kiraka cha Shivachi.
Nilipofika chai ilikuwa mezani,
sukari vijiko vinne, kipimo cha baba.
Mimi hunywa bila sukari.
Nikainywa.